Kulipia krayoniki kwa bima ya maisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanamhusu mtu aliyeamua, au anayekaribia kuamua, kwamba akifa mwili wake au kichwa chake pekee kihifadhiwe ndani ya nitrojeni kimiminika, kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa matumaini ya kuhuishwa siku za usoni. Hiyo ndiyo krayoniki. Sehemu kubwa inahusu Marekani, kwa kuwa mashirika makongwe yako huko na sheria za bima zinazotajwa hapa ni za huko. Bei hubadilika. Kabla ya kusaini chochote, omba orodha ya ada ya mwaka huu kutoka kwa shirika lenyewe.

Je, kuna mtu aliyewahi kuhuishwa?

Hapana. James Bedford alihifadhiwa Januari 12, 1967, na tangu hapo hakuna binadamu wala mamalia mzima aliyerudishwa akiwa hai kutoka kwenye baridi ya kiwango hicho. Unacholipia ni nafasi, na hakuna shirika makini linalokuahidi zaidi ya hapo. Anayekuuzia bima kwa kukuahidi kufufuka, mkimbie.

Kwa nini bima? Familia haiwezi kulipa kidogo kidogo?

Njia hiyo ilishajaribiwa, na matokeo yake yalikuwa mabaya. Miaka ya mwisho ya 1960 na miaka ya 1970, Robert Nelson na chama chake cha krayoniki cha California walihifadhi miili katika chumba cha chini ya ardhi kwenye makaburi ya Chatsworth. Gharama za nitrojeni zilitegemea michango ya ndugu. Wengine walichoka, wengine waliishiwa, vyombo vikakosa nitrojeni na miili ikayeyuka. Mambo yalifichuka mwaka 1979. Mwili wa Bedford ulinusurika kwa kuwa familia yake ilikuwa imeuchukua na kuutunza yenyewe, hadi ulipohamishiwa shirika la krayoniki la Alcor mwaka 1982.

Baada ya hapo mashirika yaliweka sharti ambalo halijalegezwa: fedha yote ipatikane kwa mkupuo mtu anapofariki, na sehemu yake iwekezwe ili mapato yake yalipie utunzaji miaka yote inayofuata. Watu wengi hawana fedha hiyo mkononi wakiwa na miaka 30 au 40. Bima ya maisha huizalisha kwa malipo ya kila mwezi, na haki ya kulipwa huanza siku ileile mtu anapofariki.

Ni kiasi gani kinachohitajika?

Inategemea shirika na unachotaka kihifadhiwe. Cryonics Institute ya Michigan, iliyoanzishwa na Robert Ettinger mwaka 1976, hutoza dola 28,000 kwa mwanachama wa kudumu na dola 35,000 kwa mwanachama anayelipa kila mwaka. Alcor, iliyoko Scottsdale katika jimbo la Arizona, huhitaji angalau dola 80,000 kwa kichwa, na zaidi ya dola 200,000 kwa mwili mzima. Tomorrow Bio ya Berlin, inayohifadhi wateja wake Rafz huko Uswisi, imetangaza euro 200,000 kwa mwili mzima.

Usilinganishe tarakimu hizo bila kuuliza ndani yake kuna nini. Bei ya Alcor na ya Tomorrow Bio inajumuisha kikosi kinachokuja kando ya kitanda cha mgonjwa kabla hajafa, tayari kuanza kupoza mwili mara tu akifariki. Dola 28,000 za Cryonics Institute hazijumuishi hilo, wala kazi ya mtengeneza maiti wa eneo lako, wala usafirishaji hadi Michigan. Ukitaka kikosi cha dharura, unaingia mkataba wa pembeni na kampuni nyingine, na gharama yake inaweza kuizidi ada yenyewe ya uhifadhi. Bima ya dola 30,000 inampa mwanachama wa kudumu wa Cryonics Institute haki ya kuhifadhiwa, lakini haimfikishi mlangoni.

Basi nikate bima ya kiasi gani hasa?

Zaidi ya kiwango cha chini, na kijana aongeze zaidi kuliko mzee. Katikati ya miaka ya 2000 Alcor ilikuwa ikitoza dola 150,000 kwa mwili mzima, kisha bei ikapanda hadi 200,000, na sasa imepita hapo. Mkataba wa bima haupandi pamoja nayo.

Fanya hesabu hii. Bei ikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 24 inakuwa takriban mara mbili, na baada ya miaka 40 ni mara tatu na robo. Dola 80,000 za leo zinakuwa kama 261,000. Kwa asilimia 2 zinafika kama 177,000. Kwa hiyo mtu wa miaka 35 anayetaka kuhifadhiwa kichwa asikate bima ya 80,000 kamili. Tungemwambia aanze na 150,000 hadi 200,000 kama afya yake ni nzuri, maana kuongeza kiwango baadaye kunamrudisha kwenye vipimo vya afya akiwa na umri mkubwa. Mtu wa miaka 70 anaweza kuridhika na ziada ya asilimia 20 au 30.

Baadhi ya kampuni huuza bima ambayo mafao yake hukua kila mwaka, ama kwa kuongeza gawio kwenye mafao ama kwa kufuata mfumuko wa bei. Kwa kazi hii, kipengele hicho kinastahili gharama yake.

Bima ya muda au bima ya kudumu?

Hapa ndipo watu wengi huteleza, hivyo tutakaa kidogo.

Bima ya muda hukulinda kwa miaka iliyotajwa, kwa kawaida 10, 20 au 30. Bei yake ni nafuu mno kwa kijana, na sababu yake ni kwamba kampuni inajua uwezekano mkubwa ni kuwa hatakufa ndani ya muda huo. Aliyekata bima ya miaka 30 akiwa na miaka 32, ulinzi wake unakwisha akiwa na miaka 62, wakati hatari ya kufa ndiyo kwanza inaanza kupanda. Akitaka bima mpya hapo, ataikuta na bei ya mtu wa miaka 62 mwenye shinikizo la damu. Kwa kuwa lengo ni fedha ipatikane wakati wowote atakapokufa, bima ya muda peke yake haitoshi.

Bima ya kudumu ya kawaida, yenye ada isiyobadilika, hukaa hadi kifo mradi ada inalipwa. Ndani yake hujengeka thamani ya fedha. Ada yake ni mara kadhaa ya ile ya muda. Zipo zinazolipwa kwa miaka 10 au 20 tu, au hadi ufikapo miaka 65, kisha zinabaki hai bila kulipiwa tena. Hizi tunazipenda sana kwa krayoniki, kwa sababu zinaondoa hatari ya mzee mwenye usahaulifu kuacha kulipa.

Halafu kuna ile ambayo Wamarekani huiita yunivasali laifu: ya kudumu, lakini ada inanyumbulika na thamani ya ndani hutegemea riba au soko. Inauzwa sana kwa wateja wa krayoniki kwa sababu mwanzoni ni nafuu. Tatizo lake ni hili. Kila mwezi kampuni hukata gharama ya bima kutoka kwenye akiba ya ndani, na gharama hiyo hupanda kadiri unavyozeeka. Riba ikiwa ndogo kuliko ilivyotabiriwa siku ya kusaini, akiba inaliwa, na ukiwa na miaka 78 unapokea barua inayokudai ada mara tatu ya uliyozoea, la sivyo bima inakufa. Bima nyingi za aina hii zilizouzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, riba zilipokuwa juu sana, ziliishia hivyo. Ukiichukua, dai dhamana ya maandishi kwamba haitakufa mradi umelipa ada fulani kwa wakati. Kisha uiheshimu kwa ukali, maana malipo yakichelewa au ukikopa kidogo, dhamana hiyo inaweza kufutika hata kama bima yenyewe bado iko hai. Kila mwaka omba makadirio mapya yanayotumia riba ya chini iliyodhaminiwa, na uone yanaonyesha bima inakufa ukiwa na umri gani. Jibu likiwa chini ya miaka 100, ongeza ada sasa.

Kwa kijana ambaye hamudu ada ya kudumu, ipo njia ya kati: bima ya muda yenye haki ya kugeuzwa kuwa ya kudumu bila vipimo vipya. Angalia mambo mawili: mwisho wa haki hiyo ni umri gani (mara nyingi 65 au 70, nyingine mapema zaidi), na inageuzwa kuwa bima ya aina gani. Andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona. Kampuni haina sababu ya kukukumbusha.

Nianze na kampuni ya bima au na shirika la krayoniki?

Anza na shirika, lakini usisubiri uanachama ukamilike ndipo uombe bima. Omba shirika likupe vitu vinne kwa maandishi: kiwango cha chini cha fedha, jina lake kamili la kisheria, anwani na namba yake ya kodi, na orodha ya kampuni za bima zilizowahi kukubali kuliandika kama mnufaika, yaani atakayelipwa mafao ya bima. Mashirika makubwa yanafahamu pia mawakala wanaoijua kazi hii, na wakala wa aina hiyo hukuokolea miezi.

Ukiwa na karatasi hizo, omba bima. Itakapotolewa utapewa siku chache, aghalabu 10 hadi 30 kutegemea jimbo, za kuisoma na kuirudisha bila hasara. Zitumie. Linganisha jina la mnufaika herufi kwa herufi, hakikisha kiasi, na hakikisha aina ya bima ndiyo uliyoomba. Baada ya hapo saini mkataba wa krayoniki, upeleke shirika nakala ya hati nzima ya bima pamoja na barua ya kampuni ya bima inayothibitisha mnufaika. Fomu uliyoijaza wewe haithibitishi kitu. Kinachohesabika ni kile kampuni ilichokiingiza kwenye kumbukumbu zake.

Mnufaika aandikweje?

Liandikwe shirika, kwa jina lake kamili la kisheria, na lipewe asilimia 100 ya mafao ya hati hiyo. Usiandike "taasisi ya krayoniki" wala jina la mkato. Usimwandike mke, mume au kaka kwa makubaliano ya mdomo kwamba atapeleka fedha. Kisheria zinakuwa zake siku anapozipokea, na wadai wake wanaweza kuzifuata.

Ukitaka kuiachia familia kitu pia, kata bima mbili. Kugawa hati moja kwa asilimia huleta shida bei ya shirika inapopanda, maana asilimia 60 iliyotosha mwaka huu haitatosha baada ya miaka 15, na kuibadilisha maana yake ni kuwaambia watoto kwamba fungu lao linapungua.

Umiliki wa bima ni jambo jingine, tofauti na mnufaika. Mwenye bima ndiye anayeweza kubadilisha mnufaika, kukopa na kuivunja. Ukiwa mmiliki wewe mwenyewe, una uhuru wote, na pia mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mali zako utakapopoteza fahamu anaweza kuutumia uhuru huohuo. Njia za kujilinda ni tatu: kumfanya mnufaika asiweze kuondolewa bila ridhaa yake, kulihamishia shirika umiliki wote, au kuweka bima mikononi mwa wadhamini kupitia hati ya amana. Ya kwanza inatosha kwa wengi. Ya pili ina faida kwamba shirika hupata barua zote za madai ya ada, lakini ukitaka kuhama shirika utahitaji likurudishie.

Kampuni ya bima itakataa ikijua ni krayoniki?

Baadhi hukataa, nyingi hazijali. Sheria hudai kwamba anayekata bima awe na maslahi katika uhai wa anayekatiwa, na kila mtu ana maslahi katika uhai wake mwenyewe. Kwa hiyo ukijikatia bima na ukamchagua mnufaika, msingi upo. Kinachowatia shaka maofisa wa tathmini ni kuona mnufaika ambaye si ndugu, kwani wameagizwa kuwa macho na bima zinazokatwa kwa ajili ya wageni wanaosubiri mtu afe. Barua fupi ya shirika inayoeleza kwamba ni malipo ya huduma baada ya kifo huondoa shaka hiyo.

Usidanganye kwenye fomu. Ukiulizwa lengo la bima, sema ni gharama za mwisho na za kuhifadhi mwili. Kampuni ikikataa, nenda nyingine.

Vipimo vya afya vikoje?

Kwa kiasi cha dola 100,000 na zaidi, huenda ukatumiwa muuguzi wa kupima urefu, uzito na shinikizo la damu, na kuchukua damu na mkojo. Huangaliwa sukari, lehemu, ini, figo, virusi vya UKIMWI na mabaki ya nikotini. Wenye umri mkubwa huongezewa kipimo cha umeme wa moyo. Usile kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya vipimo, usinywe pombe siku iliyotangulia, na usifanye mazoezi makali asubuhi hiyo, maana huweza kupandisha protini kwenye mkojo.

Matokeo hukuweka kwenye daraja. Walio chini ya daraja la kawaida hupangwa kwa ngazi, na kila ngazi huongeza takriban asilimia 25 ya ada ya kawaida. Tahadhari moja: kampuni za Marekani hubadilishana taarifa za waombaji kupitia ofisi ya pamoja, hivyo kilichogunduliwa kwenye ombi moja kinaweza kuonekana kwenye mengine. Ukiwa na historia ya ugonjwa mzito, mwambie dalali aulize kwanza kampuni kadhaa bila kutaja jina lako.

Tayari ni mgonjwa, au nina miaka 75. Nimechelewa?

Kwa bima ya kawaida, pengine. Zipo bima zisizouliza maswali ya afya, lakini mara nyingi kikomo chake ni kama dola 25,000 kwa hati, na ukifa kwa ugonjwa ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo hurudishwa ada ulizolipa pamoja na asilimia ndogo tu. Hati mbili za aina hiyo zinaweza kufikisha ada ya Cryonics Institute na sehemu ya usafiri, mradi uishi kuvuka muda huo wa kusubiri.

Nje ya bima kuna kulipa taslimu mapema, au kuweka fedha kwenye amana isiyovunjika. Kuliandika shirika kwenye wosia ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Mirathi huchukua miezi, hupingwa, na shirika haliwezi kutuma kikosi usiku wa leo kwa ahadi ya fedha itakayotoka mahakamani mwakani.

Bima ya kazini haitoshi?

Haitoshi. Ukiacha kazi, ukifukuzwa au ukistaafu, inakwisha au inageuka kuwa ghali. Mtu mgonjwa kwanza huacha kazi, kisha hufa. Bima ya ajali peke yake nayo haifai, kwa sababu wengi hufa kwa maradhi.

Kampuni italipa, ilhali watu wa krayoniki wanasema mgonjwa "hajafa kabisa"?

Italipa. Utaratibu wote huanza baada ya daktari kutangaza kifo kisheria, na cheti cha kifo hutolewa kama cha mtu yeyote mwingine. Bima hulipa kwa cheti hicho. Lugha ambayo mashirika hutumia kuhusu wateja wao haina nguvu mbele ya mkataba wa bima.

Fedha huchukua muda gani, na nani anagharamia saa za kwanza?

Dai lililokamilika hulipwa baada ya wiki kadhaa. Sababu ya kifo ikiwa bado inachunguzwa, hesabu miezi. Mwili hauwezi kusubiri hivyo: ndani ya dakika chache baada ya moyo kusimama, kikosi kinatakiwa kiwe kinapoza kwa maji ya barafu, kinasukuma kifua ili damu izunguke, na kinatia dawa za kuzuia damu isigande. Baadaye damu hubadilishwa kwa kemikali zinazozuia chembe za barafu. Shirika hulipia hayo yote kutoka kwenye akiba yake, likiamini kwamba bima itakuja.

Ndiyo maana linasisitiza kuona karatasi zako mapema. Likipigiwa simu usiku na likakuta kwenye faili kwamba uthibitisho wa mwisho wa bima ni wa miaka 9 iliyopita, litatumia saa za thamani kuhakiki, na saa hizo ndizo ubongo unazoharibikia. Jaza pia fomu inayoliruhusu kuzungumza na kampuni ya bima moja kwa moja. Bila fomu hiyo, kampuni haitaliambia lolote.

Nikifa ndani ya miaka miwili ya mwanzo?

Bima hulipa, ila kampuni ina haki ya kuchunguza upya majibu yako. Ikigundua ulificha uvutaji sigara au ugonjwa, inaweza kuufuta mkataba na kurudisha ada tu. Kujiua ndani ya kipindi hicho, ambacho katika majimbo mengi ni miaka miwili, hakulipwi. Ukikosea umri bila hila, mafao hurekebishwa yaendane na umri halisi, na hapo ziada uliyoweka juu ya kiwango cha chini inakufaa.

Ukibadilisha bima ya zamani kwa mpya, saa ya miaka miwili huanza upya. Usiivunje ya zamani kabla mpya haijaanza kufanya kazi rasmi.

Nikisahau kulipa ada?

Una muda wa ziada, kwa kawaida siku 30 au 31 kwa bima yenye ada isiyobadilika. Ukipita, bima inakufa. Inaweza kuhuishwa ndani ya miaka kadhaa kwa kulipa malimbikizo na riba, lakini kwa masharti ya afya, na mtu anayesahau ada kwa sababu ya kiharusi hatayapita.

Weka malipo yakatwe benki yenyewe, mara moja kwa mwaka ikiwezekana. Kadi ya benki huisha muda wake na malipo hukwama kimyakimya, kwa hiyo tumia akaunti. Majimbo mengi huruhusu kumtaja mtu wa pili atakayepelekewa taarifa bima inapokaribia kufa. Taja shirika. Nunua pia kipengele kinachosamehe ada ukipata ulemavu. Ni nafuu ukiwa kijana.

Naweza kukopa kutoka kwenye bima hiyo?

Unaweza, na usifanye hivyo. Deni na riba yake hukatwa kwenye mafao, na hati ya 100,000 yenye deni la 30,000 tayari iko chini ya kiwango cha kuhifadhi kichwa.

Kuna jambo linalofanana ambalo huenda likakufaa: kampuni nyingi hutoa sehemu ya mafao mapema kwa mtu aliyethibitishwa kuwa atakufa karibuni. Mwenye bima kubwa anaweza kuitumia kuhamia karibu na shirika, ili kikosi kiwe jirani. Hilo huongeza ubora wa uhifadhi kuliko karibu kitu kingine chochote. Hesabu kwanza kitakachobaki.

Angalia pia Medicaid, msaada wa matibabu wa serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo. Thamani ya fedha iliyomo ndani ya bima ya kudumu inaweza kuhesabiwa kama mali, na mzee anayehitaji kulipiwa makao ya wagonjwa akatakiwa aivunje. Panga hili na mwanasheria miaka kadhaa kabla, kwani uhamisho wa mali wa miaka mitano ya karibuni huangaliwa.

Ndugu wakipinga?

Hufanyika. Mwaka 2009 mwanachama mmoja wa Alcor alifariki Iowa, na ndugu zake wakamzika bila kulijulisha shirika. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya jimbo iliamua kwamba shirika lilikuwa na haki na mwili ufukuliwe. Shirika lilishinda kesi, lakini mwili ulikuwa umeshakaa kaburini.

Kupunguza vishawishi ni kazi ya karatasi. Mkataba wa krayoniki hukuuliza fedha ziende wapi ikiwa mwili hautapatikana au hautaweza kuhifadhiwa. Ukijibu "ziende kwa familia", umeipa familia sababu ya kuchelewa kupiga simu. Tunashauri zibaki kwa shirika au ziende kwa taasisi ya hisani, na familia uitunze kwa ile bima ya pili. Katika majimbo ambako mali ya wanandoa ni ya pamoja, kama California, Texas na Arizona, mwenzi anaweza kudai sehemu ya mafao ikiwa ada zililipwa kwa fedha za pamoja. Mwombe asaini ridhaa mapema, mkiwa na amani.

Fedha ikizidi?

Soma mkataba. Mara nyingi ziada hubaki kwa shirika na kuongezwa kwenye mfuko wa utunzaji, isipokuwa umeandika vinginevyo. Kati ya bei ya dola 200,000, Alcor ilitenga angalau 115,000 kwa mfuko huo, ambao tangu mwaka 1997 uko chini ya wadhamini wake. Ziada inayoingia humo inarefusha maisha ya mfuko unaokutunza wewe pia.

Na kodi?

Marekani, mafao ya kifo kwa kawaida hayatozwi kodi ya mapato. Kwa wenye utajiri mkubwa, yanaweza kuingia kwenye hesabu ya kodi ya mirathi ikiwa marehemu ndiye aliyemiliki bima. Ukihama kutoka hati moja hadi nyingine, fanya kwa uhamisho wa moja kwa moja kati ya kampuni, ili faida iliyojengeka isitozwe.

Naishi nje ya Marekani.

Bima ya nchi yako inaweza kutumika kama sheria zake zinaruhusu kumwandika mnufaika wa kigeni. Uliza mambo matatu: kama kampuni italipa moja kwa moja akaunti ya ng'ambo, kama kuna kodi au kizuizi cha kutoa fedha nje, na kama jina la mnufaika linaweza kubadilishwa na warithi. Kata kiasi kikubwa zaidi, kwa kuwa ada iko kwa dola au euro na thamani ya fedha yako inaweza kushuka kwa nusu kabla hujafa. Ongeza usafiri wa ndege ndani ya barafu kavu, vibali vya kusafirisha maiti, na ada ya nyongeza ambayo baadhi ya mashirika hutoza kwa wanaoishi mbali.

Nikague nini kila mwaka?

Chagua tarehe moja, ya kuzaliwa ni nzuri kwa kuwa haisahauliki. Omba kampuni ya bima barua yenye mambo manne: bima iko hai, kiasi cha mafao baada ya kutoa madeni, jina la mmiliki, na jina la mnufaika. Peleka nakala kwa shirika na uombe likujibu kwamba limeipokea. Linganisha kiasi hicho na bei mpya. Hakikisha kampuni ya bima haijauzwa kwa nyingine, maana wakati wa kuhamisha kumbukumbu ndipo majina ya wanufaika hupotea. Ukioa, ukiolewa, ukitalikiana au ukihama jimbo, usisubiri tarehe hiyo: piga simu wiki hiyohiyo.